Darmi na Jina la Baba Mkwe

Darmi aliogopa magari. Mamba hakuwaogopa; mto Tana alishauvuka mara nyingi na mwanambuzi mabegani. Hata fisi, yeye Darmi alishawahi kumfukuza kwa kuni yenye moto huku akimtukania mama yake. Lakini gari, hasa gari ambalo hakuwajua wenyewe, lilimtia baridi ya tumbo. Utakaaje kimya katikati ya watu usiowajua, mwingine ndiye ashike usukani, na wewe huna hata kamba ya kuvuta? Watu walimcheka kwa maneno hayo, naye aliwaacha wacheke. Aliona kwamba wao wanapanda kwa sababu wamezoea, si kwa sababu ni salama.

Alizaliwa Chewele, akaolewa huku chini karibu na Wenje, na tangu aolewe safari zake za gari zilikuwa chache mno. Kilichosafiri ni maziwa yake. Kila asubuhi aliyabeba madumu hadi barabarani, akasimama kando ya lami na wenzake, mpaka Nisani, ile matatu ya kutoka Hola, ije. Kondakta wake alikuwa Kenga, Mgiriama mwenye domo refu na roho safi. Alishuka, akayafunga madumu juu ya keria, akapiga bodi kofi mbili, wakaenda zao Garsen. Jioni madumu yalirudi matupu, yamesuuzwa.

"Mama Maziwa, lini utapanda na wewe ukaione Garsen?" Kenga alimchokoza.

"Maziwa yangu yamekwisha kuiona," Darmi alimjibu. "Inatosha."

Basi siku hiyo haikutosha. Mwanawe wa kwanza, kitoto cha miaka mitatu, alichomwa na mwiba wa mathenge. Mnaujua mti huo? Kama hamuujui, mshukuruni Mungu. Ulienea kila mahali, ukayafunga malisho, na miba yake hutoboa hata gurudumu la pikipiki. Mtoto alikuwa akikimbiza mwanambuzi, akajikwaa, mwiba ukamwingia jichoni. Kule zahanati muuguzi alilisafisha jicho, akalifunga bandeji, akamwambia Darmi bila kuzunguka: "Mpeleke Malindi leo hii. Ukikaa mpaka kesho, hilo jicho limekwenda."

Mumewe, Jibril, alikuwa mbali na ng'ombe kwenye majani ya delta, pahali simu haishiki. Mama mkwe alikuwa na goti lililovimba. Akabaki baba mkwe, na yeye hakuwa mtu wa barabara. Aliwasindikiza mpaka karibu na lami, akamwombea mtoto dua, akageuka akarudi kabla gari halijaonekana.

Sasa hapa lazima niwaeleze jambo moja, la sivyo yaliyofuata mtayaona ya kijinga. Mtoto yule alipewa jina la babu yake mzaa baba. Jina lenyewe ni Kotile. Mimi si mke wa mtu kule, naweza kulitaja mpaka nichoke. Darmi hawezi. Katika ukoo ule wa Waorma, mwanamke aliyeolewa halitii kinywani jina la baba mkwe wake, hata ukimwamsha usingizini. Darmi alikuwa mkali kwa jambo hilo hata kuwashinda wenzake. Hakusema hata "koti," kwa kuwa limefanana nalo, alisema "ile nguo ya baridi." Wenzake walimtania, yeye akashikilia palepale. Ndiyo heshima aliyoletwa nayo, na ndiyo aliyosifiwa nayo.

Haya, mtoto amwiteje? Alimwita Babu. Na kwa kuwa mtoto alilala chumbani kwa bibi yake tangu alipoachishwa ziwa, huyo bibi ndiye aliyemwita mama. Mama yake mzazi, mtoto alimwita kama alivyosikia watu wazima wakimwita: Darmi. Nyumbani hakuna aliyeona ajabu.

Kenga alipomwona barabarani bila madumu, na mtoto mgongoni kafungwa jicho, utani ulimwisha. Alimpa kiti cha mbele. Njia nzima Darmi aliushika mkono wa mlango kama ambaye angeweza kulisimamisha gari mwenyewe, lakini angalau dereva alikuwa anamjua, na Kenga alikuwa anamjua, na kila waliposimama kuchukua madumu ya wengine, wanawake wa kando ya lami walimpigia kelele za pole. Mpaka hapo hofu ilikuwa ya jicho tu.

Kisha wakafika kwenye maji. Mvua za juu zilikuwa zimeujaza mto, mto ukaikata barabara, na kwa kipande kirefu lami ilikuwa haionekani, ni maji ya rangi ya chai na vichwa vya vichaka. Magari hayakupita. Ya upande wa Hola yaliishia huku, ya upande wa Malindi yaliishia kule, na abiria walivushwa kwa boti, wakabadilishana magari.

"Mimi mwisho wangu ni hapa," Kenga akasema, akimkabidhi kwa mwenye boti. "Ng'ambo kuna basi la Malindi. Panda hilo moja kwa moja, usishuke Garsen, ukishuka utakosa kiti. Mama Maziwa, usiogope bwana. Ni gari tu."

Boti ilipofika katikati Kenga aliweka viganja mdomoni akapiga ukelele kwa watu wa basi: "Huyo mama ni mtu wangu! Mumwangalie!" Upepo ulichukua nusu ya maneno, na kondakta wa basi alikuwa anagombana na mtu juu ya gunia la mkaa. Hakuna aliyesikia.

Darmi aliingia basini, akatazama uso mmoja mmoja. Hakumjua hata mmoja. Hapakuwa na Muorma mwingine. Akakaa kiti cha dirishani, akampakata mtoto.

Aliyekaa naye alikuwa mama wa Kigiriama, Jumwa kwa jina, anarudi kwake Malindi kutoka matangani. Mtu mwema, msimchukie baadaye. Alimhurumia mtoto, akampa ndizi, akamwuliza mama habari ya jicho. Darmi alijibu kwa Kiswahili chake kile cha barabarani.

"Anaitwa nani, maskini?"

"Babu."

"Babu? Hilo ni jina?"

"Ndiyo jina."

"La kwenu huko, au la kumdekeza?"

Darmi akageukia dirisha. Hakujua kwamba kunyamaza kule, kwa mtu aliyekuwa na simu mkononi na maneno ya watu kichwani, kulikuwa na maana yake. Maana siku zile, tangu Malindi hadi Garsen, watu walikuwa wakitumiana sauti kwenye simu kuhusu mtoto aliyepotea stejini. Kila aliyezipokea aliongeza chumvi yake. Mara ni mwanamke aliyemchukua, mara ni mwanamke mwenye buibui, mara alimfunga mtoto uso asijulikane.

Eti amemfunga uso! Na huyu hapa, nusu ya uso wake ni bandeji.

Walipopita Garsen dawa ya maumivu ilimwisha mtoto mwilini. Alianza kulia, akausukuma mkono wa Darmi, akaita, "Mama! Mama!" Neno hilo halihitaji mkalimani. Jumwa akauliza, polepole sasa, "Anamlilia nani?"

"Analia mama yake," Darmi akasema, akimaanisha bibi. Alikuwa mkweli wa kupindukia, mwanamke huyu, na ukweli wake ndio uliokuwa unammaliza. "Iko nyumbani."

Jumwa hakuuliza tena. Alijivuta kidogo upande wake. Darmi aliona kule kujivuta, akaona na jinsi yule mama alivyogeuka kumnong'oneza mtu wa kiti cha nyuma, na hofu ikabadilika. Sasa haikuwa ya jicho wala ya usukani. Aliwaogopa watu. Alitamani kushuka, lakini nje ni mbuga tupu na jua kali, na Malindi bado.

Mbele ya safari kulikuwa na kizuizi cha polisi. Ni jambo la kawaida katika barabara ile. Basi husimama, watu hushuka na vitambulisho mkononi, hupita mmoja mmoja mbele ya askari, hupanda tena. Darmi alishuka na wengine. Alimwona Jumwa akifika kwa askari kabla yake, akamwinamia, akasema maneno machache, kisha akamwonyesha kwa kidevu.

Askari yule, kijana wa bara ambaye mwenzake alimwita Hudson, alimtoa Darmi kwenye foleni.

"Mama, huyu mtoto ni wako?"

"Yangu."

"Anaitwa nani?"

"Babu."

"Mama, nimekuuliza jina. Mimi pia nina babu."

Wengine wakacheka. Darmi alifungua mdomo, ukabaki wazi. Jina alilijua! Lilikuwa pale pale nyuma ya meno, na ulimi ukakataa kulisogelea. Miaka yote ile ulifundishwa kukaa mbali nalo, utauambiaje leo?

"Baba yake ni nani?"

"Jibril," akasema haraka, akafurahi kupata kitu cha kujibu.

"Jibril nani?"

Loo. Jina la pili la Jibril si ndilo lile lile? Darmi akampandisha mtoto kifuani. Jasho lilimtoka chini ya shungi.

"Jibril tu," akasema.

"Mtu hana jina la baba yake?" Hudson alikitazama kitambulisho cha Darmi, akakigeuza. Hakuwa mkorofi. Alikuwa na barabara ndefu ya kulinda na mtoto mwenye bandeji mbele yake, na hata mimi ningeuliza. "Mama, kwa nini hutaki kusema jina la mtoto?"

"Mimi haiwezi sema. Iko makosa. Baba mkwe..."

"Baba mkwe amekukataza kutaja jina la mtoto?"

"Ndiyo. Hapana. Si yeye. Jina ni yake."

"Mtoto ni wake?"

"Jina!" Darmi akasema, na machozi yakaanza. Kiswahili cha maziwa na madumu hakikuwa na maneno ya kuyaeleza haya. Abiria walikuwa wamekusanyika, wengine wameinua simu wanarekodi, na mtu mmoja nyuma akasema kwa sauti kwamba wanawake wa namna hii ni wa kupigwa tu. Darmi alilielewa hilo neno moja, kupigwa, akambana mtoto kifuani.

Hudson aliinamisha uso karibu na mtoto. "Kijana, huyu ni nani?" akamwuliza mtoto, akimwonyesha Darmi.

"Darmi," mtoto akasema.

"Mama yako yuko wapi?"

"Nyumbani."

Watu wakaguna wote kwa pamoja. Darmi akarudi hatua moja nyuma.

Palikuwa na askari wa kike. Alisogea, akasimama karibu yake, hajamgusa bado. Hudson akaomba simu ya Darmi. Nambari ya Jibril ilipigwa, haikupatikana. "Nani mwingine? Mtu wa nyumbani." Darmi alimwonyesha nambari ya baba mkwe. Hudson akampigia, akaweka sauti ya nje ili wote wasikie, akamwinulia Darmi kidole: "Wewe nyamaza. Usije ukamfundisha la kusema kwa lugha yenu. Nitaongea mimi."

Simu iliita, ikaita. Ikapokelewa.

"Haloo," ikasema sauti ya mzee.

"Haloo mzee. Mimi ni afisa wa polisi, niko barabarani. Ninaongea na nani?"

Hapo walisikia mbuzi wakilia upande ule.

Mzee Kotile alikuwa na kisa chake na swali hilo. Zamani, wakati wa vurugu, watu walikuja kijijini na gari, wakauliza kwa jina, fulani ni nani? Kaka yake alikuwa amekaa anakunywa chai. Alijibu, "Ndiye mimi." Akaambiwa apande. Chai ikabaki pale, na kaka hajaonekana hadi leo. Tangu siku hiyo Kotile hakumkubalia mtu asiyemjua kwamba yeye ni yeye. Kioo cha simu yake kilipasuka kitambo, hakuona ni nambari ya nani. Alichosikia ni polisi, barabarani, wewe nani.

"Rong namba," akasema.

"Mzee, subiri. Kuna mama hapa anaitwa Darmi. Unamjua?"

Mbuzi wakalia tena. Darmi aliitazama ile simu kwa macho yake yote mawili. Sema, Abba, baba yangu. Sema tu.

"Simjui," ikasema simu. "Mimi simjui mtu."

Mimi simlaumu mzee, lakini siku ile ningekuwa karibu ningemrushia kiatu. Darmi akamkaza mtoto. Amemkana! Mzee ambaye yeye humpikia, humpashia maji ya udhu, ambaye kwa heshima yake hata koti halitaji kwa jina, amesema hamjui, mbele ya watu wote hawa. Hudson aliishusha simu mkono ukining'inia, akasahau hata kuikata, akamtazama yule askari wa kike na kumwitikia kwa kichwa.

Askari yule alimshika mtoto kwapani. "Mama, mwachie. Atakaa na sisi mpaka wenyewe wapatikane. Usimvute, utamwumiza." Mtoto alipiga yowe. Vidole vyake vilishika shungi la Darmi, vikaachishwa kimoja kimoja, na mikono ya Darmi ikabaki mitupu.

Na hapo jina likatoka. Hakuliita yeye, nawaambia, lilimpasuka.

"Kotile!" alilia. "Kotile! Mtoto inaitwa Kotile! Kotile Jibril Kotile! Nipe mimi mtoto yangu!"

Akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili, macho yamemtoka, kama aliyejimwagia maji ya moto. Watu wakanyamaza bila kujua kwa nini.

Katika kimya kile simu ikaongea mkononi mwa Hudson. Mzee hakuwa na mazoea ya kukata simu. Siku zote humngoja wa upande wa pili akate. Alikuwa bado yuko pale. Sauti yake ilikuja nyembamba, kwa Kiorma, na ilikuwa ikitetemeka.

"Darmi. Nani amekufa?"

Maana kwao, mke wa mwana hulitaja jina hilo kwa mambo mawili tu: amepata wazimu, au kuna maiti. Na mzee alimjua Darmi, hakuwa na wazimu.

"Hakuna, Abba," Darmi akasema kupitia vidole. "Wananichukulia mtoto."

Mzee akakohoa. Kisha akahamia Kiswahili.

"Wewe askari. Uko?"

"Niko, mzee."

"Umeuliza mimi nani. Kotile. Kotile ndiye mimi." Walisikia anavuta pumzi. "Jibril ni mwanangu. Huyo mama ni mke wa mwanangu. Huyo mtoto ana jina langu, ndiyo sababu hawezi kulisema, na wewe umemfanya alilie jina la mkwe wake barabarani mbele ya wanaume. Mwiba umempiga mtoto jicho la kushoto. Mimi nimesema simjui. Nimesema uongo, niliogopa. Kama unataka kumshika mtu, njoo Wenje unishike mimi."

Hudson aliitazama bandeji. Jicho la kushoto. Akageuka kwa mtoto, ambaye alikuwa anajipinda mikononi mwa yule askari wa kike, akaita kwa sauti ya kawaida tu, "Kotile?"

Mtoto akaacha kulia, akamgeukia kuona nani amemwita.

Askari wa kike hakungoja kuambiwa. Alimrudisha mtoto kifuani kwa mama yake, akalirekebisha shungi lililokuwa limeteleza, akasema pole mama, pole sana. Hudson alisema naye kitu kuhusu kazi yake na watoto wanaoibiwa, na kilikuwa kweli, lakini Darmi hakukisikia. Alipewa simu. Akaiweka sikioni bila kujua aseme nini. Aliona haya kuliko alivyowahi kuona haya maishani, na aliogopa atakayoambiwa.

"Darmi," mzee akasema, kwa Kiorma, polepole. "Mimi nimekukana, na wewe umenitaja. Yamekwisha hapo. Huko Malindi wakikuuliza jina la mtoto, sema. Usije ukanipotezea mtoto kwa ajili ya kunistahi."

"Siwezi, Abba."

"Basi nipigie, nitalisema mwenyewe. Wakiniuliza mimi ni nani, nitawaambia."

Kondakta alikuwa akipiga bodi, dereva amewasha injini, na wale waliokuwa wakirekodi walikuwa wameshapanda, simu zao mifukoni. Darmi alipanda wa mwisho. Jumwa alikuwa amesimama kwenye njia ya katikati, amemwachia kiti chote, uso ameuinamisha. "Mwanangu, nisamehe," akasema. "Nilidhani namwokoa mtoto." Darmi alisogea dirishani akamwachia nafasi, Jumwa akakaa, akaichukua miguu ya mtoto akailaza mapajani mwake ili asibanwe. Basi lilipokwisha kuondoka, na kizuizi kikawa nyuma, ndipo Darmi alipoanza kutetemeka, akatetemeka hadi Malindi.